Kovu la Ndani ya Mkono

Mkono wa binadamu uliingia katika historia ya upasuaji wa kurekebisha maumbile ukiwa mtoaji. Mwaka 1597 Gaspare Tagliacozzi, mwalimu wa upasuaji na anatomia huko Bologna, alichapisha mjini Venice kitabu chenye michoro kikieleza namna ya kumrudishia pua mtu aliyekatwa kwa upanga au aliyeharibiwa na maradhi. Ngozi aliitoa kwenye mkono, sehemu ya juu kati ya bega na kiwiko. Alichana kipande, akakiacha kimeshikamana upande mmoja ili kiendelee kupata damu, kisha akakishona usoni. Mgonjwa alikaa majuma kadhaa mkono ukiwa umefungwa kichwani kwa mikanda, hadi kipande kilipoota mahali pake papya. Sehemu hiyo ya mwili ilifaa kwa sababu ngozi yake ni laini, haina nywele nyingi, huvutika kwa urahisi, na jeraha lake hufunikwa na nguo. Tagliacozzi aliitetea kazi yake kwa kusema kwamba haikulenga kufurahisha macho tu, bali kumrudishia moyo mtu aliyepata hasara ile.

Zaidi ya miaka mia tatu baadaye, sehemu hiyohiyo ya mkono ililetwa kwa madaktari na shida iliyo kinyume: ngozi iliyozidi. Mtu anapozeeka, au anapopungua uzito kwa kiasi kikubwa, nyama ya chini ya mkono hulegea na kuning'inia kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko. Upasuaji wa kukaza mikono huondoa ngozi hiyo pamoja na sehemu ya mafuta yake, na kila anayeufikiria huuliza kama mkono utaonekana wa asili. Wengi wakiuliza hivyo huwa wanauliza kuhusu kovu: litaonekana au halitaonekana? Nadhani swali hilo limewekwa mahali pasipo pake, na historia ya upasuaji huu ndiyo shahidi. Mkono ulianza kuonekana wa asili pale madaktari walipoacha kuitwika ngozi mzigo usiokuwa wake, wakarudisha uzito kwenye tabaka za ndani na wakakubali kovu la urefu unaostahili. Kila walipolifanya kovu kuwa jambo la kwanza, umbo la mkono ndilo lililogharamia.

Imani kwamba upasuaji mzuri ni ule usioacha alama haikuzuka bure. Ilitoka usoni, na huko ilikuwa na ushahidi mzito. Mwaka 1887 John Orlando Roe wa Rochester, Marekani, alieleza jinsi ya kurekebisha umbo la pua kwa kukata kutokea ndani ya tundu zake, nje kusibaki kitu. Mnamo 1898 Jacques Joseph wa Berlin alianza kupunguza pua kubwa kwa kukata nje, lakini baadaye naye akahamia ndani. Waliofuata wakijaribu kukaza nyuso zilizokunjamana walificha mikato yao kwenye nywele na nyuma ya sikio. Mafanikio hayo yaliwazoesha madaktari na wateja kipimo kimoja, kwamba fundi bora ni yule ambaye kazi yake haijulikani ilipopitia. Kwa pua kipimo hicho ni cha haki, kwani pua ina ndani yake. Uso una nywele na mikunjo. Mkono hauna chochote cha namna hiyo isipokuwa kwapa, na kwapa ni ncha moja tu ya safari ndefu.

Ugumu wa pili uko katika ngozi yenyewe. Guillaume Dupuytren, daktari wa upasuaji wa Paris, aliwahi kumchunguza mtu aliyejichoma kwa msharasi wa mshona viatu, akashangaa kwamba chombo chenye ncha ya mviringo kiliacha majeraha marefu membamba kama yaliyopasuliwa kwa kisu. Mwaka 1861 Karl Langer wa Vienna aliifuatilia ajabu hiyo kwa utaratibu. Alizitoboa maiti mara nyingi kwa chombo cha mviringo, akachora kila tundu lilivyovutika, na kutokana na michoro hiyo akapata ramani ya mvutano wa ngozi mwili mzima. Waliokuja baada yake walisahihisha sehemu kadhaa za ramani, lakini kanuni iliyobaki inafundishwa hadi leo: mkato unaofuata mvutano wa ngozi hupona kwa uzi mwembamba, na mkato unaoukatiza hupanuka na kuvimba. Mikunjo ya ngozi ya mkono huelekea kuuzunguka, huku ngozi iliyozidi ikikaa kwa urefu. Daktari anayetaka kuiondoa yote hana budi kukata kwa urefu, yaani kwenda kinyume na kile ambacho ngozi ingependa. Hakuna ustadi wa sindano unaoweza kuubatilisha ukweli huu wa anatomia. Kwa hiyo mkono ulikuwa mahali ambapo kipimo cha usoni kingeshindwa, na kikashindwa kweli.

Maelezo ya mwanzo kabisa ya kupunguza ngozi na mafuta ya mikono hutajwa kuwa ya Max Thorek wa Chicago, mwaka 1930. Upasuaji uliolenga sura ya mkono moja kwa moja ulielezwa mwaka 1954 nchini Argentina na Correa-Iturraspe pamoja na Fernandez. Njia ilikuwa nyepesi kueleweka: pima kilichozidi, kata kipande chenye umbo la jani refu upande wa ndani, vuta kingo mbili, shona. Matatizo yalijitokeza baada ya miezi. Kwa kuwa ngozi pekee ndiyo iliyobeba uzito wote, kovu lilipanuka au likasogea likashuka mahali lisipokusudiwa. Mshono ulionyooka hadi ndani ya kwapa ulijikaza ulipopona, ukawa kama utepe uliozuia mkono kuinuka vizuri. Mkono ukabanwa ukawa bomba, mnene sawasawa kuanzia juu hadi chini, ilhali mkono wa mtu hauko hivyo: hutuna kwenye misuli, hupungua kuelekea kiwiko, na hujiunga na kifua kwa mkunjo mpole. Ndiyo maana historia ya miaka iliyofuata imejaa mikato ya kila umbo. Ivo Pitanguy wa Rio de Janeiro, katika makala ya mwaka 1975, aliupeleka mkato hadi ubavuni, akitambua kwamba ulegevu haukomi kwapani. José Guerrerosantos wa Mexico mwaka 1979 aliuvunja mshono wa kwapani kwa pembe ili usijikaze. Wengine wakaandika mikato ya mawimbi. Wengi wao walikuwa bado wanahangaika na mstari wa juu ya ngozi, ingawa Pitanguy, kwa kuutazama mkono pamoja na ubavu, alikuwa ameusogelea ukweli kuliko wenzake.

Jibu lilikuwa chini zaidi. Mwaka 1991 daktari wa Kimarekani Ted Lockwood alichapisha uchunguzi wa utando ulio ndani ya mafuta ya mwili, kati ya ngozi na misuli, unaoshikilia mafuta mahali pake kwenye kiwiliwili na viungo. Mwaka 1995 aliutumia ujuzi huo kwenye mikono. Alieleza kwamba ule utando wa mkono umeangikwa juu, kupitia kwapani, kwenye tishu imara zinazoelekea mfupa wa mtulinga. Umri na kupanda na kushuka kwa uzito hulegeza maangiko hayo. Ni sawa na kamba ya kuanikia nguo iliyolegea kwenye nguzo: nguo hazijaongezeka, lakini zinaburuza chini, na kuzipunguza nguo si dawa ya kamba. Basi Lockwood alishona utando wa mkono kwenye utando imara wa kwapa kwa nyuzi zisizoyeyuka, akaushona tena utando huo kwenye urefu wote wa mkato, na ngozi akaiacha ikutane juu bila kuvutwa. Kovu lilipunguziwa kazi, na kovu lisilovutwa hukaa mahali lilipowekwa.

Hatua hiyo ina ndugu yake usoni, na huo ni ushahidi kwamba haikuwa bahati ya mtu mmoja. Kwa miaka mingi nyuso zilikazwa kwa kuvuta ngozi tu, matokeo yakawa ile sura iliyobanwa ambayo kila mtu huitambua. Mwaka 1976 Vladimir Mitz na Martine Peyronie wa Paris walieleza tabaka la utando na misuli lililo chini ya ngozi ya shavu, na kuanzia hapo madaktari wakawa na kitu kingine cha kuvuta. Kovu la mbele ya sikio lilikuwa limefichwa vizuri hata kabla ya 1976, na bado sura hazikuwa za asili. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu unatutenganishia mambo mawili ambayo kwenye mkono hutokea pamoja na kutuchanganya. Usoni kovu lilikuwa halionekani na uso ukaonekana wa bandia. Kilichobadilisha mambo ni tabaka la ndani.

Mafuta nayo yana somo lake. Miaka ya 1970 akina Fischer, baba na mwana, huko Roma, na kisha Yves-Gérard Illouz wa Paris, walifungua njia ya kunyonya mafuta kwa mrija. Mwaka 1987 Jeffrey Klein wa California alieleza jinsi ya kuyalowesha mafuta kwanza kwa maji mengi yenye ganzi na dawa ya kupunguza damu, kazi ikawa salama zaidi. Kishawishi kilikuwa kikubwa: matundu madogo, bila kovu refu. Kwa mtu mwenye mkono mnene na ngozi inayonywea yenyewe njia hiyo inatosha. Kwa mtu ambaye ngozi yake imeshalegea, kuyatoa mafuta ni kuutoa mto na kuiacha foronya, na mkono huning'inia kuliko awali. Matumizi mazuri yaliyokuja baadaye ni ya kuchanganya: kunyonya mafuta kwanza ili kupunguza unene, kisha kukata ngozi iliyobaki bila kuchimba chini. Kutochimba huko kuna sababu nzito. Ndani ya mkono hupita mshipa wa fahamu unaoipa hisia sehemu ya ndani ya kigasha, na njiani huchomoza kutoka kwenye utando wa misuli pamoja na mshipa wa damu, wastani wa sentimita 14 juu ya mfupa wa ndani wa kiwiko kwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006. Ukiukata, mtu hubaki na ganzi au maumivu ya kudumu. Madaktari hufundishwa kuacha karibu sentimita moja ya mafuta juu ya utando wa misuli. Mafuta hayohayo ndiyo yanayoupa mkono ulaini wake, kwa hiyo hapa usalama na sura njema vinadai kitu kimoja.

Mtu anaweza kupinga kwamba wagonjwa wenyewe ndio wanaoomba kovu fupi, na kwamba zipo njia za kuwapa. Ni kweli. Mwaka 2004 David Abramson alieleza upasuaji wenye mkato mfupi unaokaa kwapani au karibu nalo, na haukuwa udanganyifu. Lakini yafaa kutazama unamsaidia nani: mtu ambaye ulegevu wake ni mdogo na uko juu, karibu na kwapa. Ukiupeleka kwa mtu aliyepungua kilo hamsini, ngozi ya karibu na kiwiko haiguswi, na ile ya juu hukusanywa kwa mikunjo inayoonekana hata chini ya shati. Kovu limefichwa na mkono umeharibika. Ndiyo maana maandishi ya fani tangu mwanzo wa karne hii yameelekea kupanga wagonjwa kwa kiasi cha ngozi, kiasi cha mafuta na mahali ulegevu ulipo, kisha kuchagua njia. Mwaka 2006 Dennis Hurwitz wa Pittsburgh alieleza mkato unaoshuka mkononi, kupita kwapani na kukunja kona hadi ubavuni, kwa ajili ya waliopungua sana. Ni kovu refu kuliko yote niliyoyataja, na kwa wagonjwa hao ndilo linaloupa mkono kiungo cha kweli na kifua.

Pingamizi jingine ni zito zaidi: mkono wenye kovu la shubiri mbili hauwezi kuitwa wa asili, hata uwe na umbo gani. Siwezi kulipuuza, kwa sababu anayeishi na kovu hilo ni mgonjwa, si mwandishi. Hata hivyo jicho la binadamu halisomi mwili kwa usawa. Linatambua kwanza umbo na mwendo, jinsi mkono unavyoanza begani, unavyoinuka na unavyokunja, na baadaye ndipo linaposhuka kwenye alama za ngozi. Kovu jembamba la upande wa ndani huonekana mkono unapoinuliwa. Mkono uliobanwa kama bomba huonekana saa zote. Zaidi ya hapo, makovu ni sehemu ya miili ya watu wote, na mtu hujua kulieleza kovu lake. Kovu hilo liwekwe wapi hasa, hapo madaktari hawajakubaliana: baadhi huliweka ndani kabisa, ambako mwenye mkono hulitazama kila siku lakini wa mbele yake halioni, wengine hulisogeza nyuma, ambako mwenyewe halioni ila aliye nyuma yake hulikuta. Uamuzi huo ni wa mgonjwa.

Wapo pia watakaosema kwamba jambo zima ni anasa, na kwamba historia yake haistahili kurasa katika nchi ambako waliounguzwa na moto hukosa daktari. Uhaba huo ni wa kweli na unaumiza. Ila historia haikubali mgawanyo huo wa anasa na huruma kirahisi. Mwaka 1957 madaktari watatu walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege Afrika Mashariki, ambayo leo ni Amref: Michael Wood, aliyekuwa akifanya kazi Kenya, Archibald McIndoe, aliyewatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, na Tom Rees wa New York. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na Rees baadaye alikuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya upasuaji wa urembo duniani. Ujuzi wa kuishughulikia ngozi kwa upole, wa kujua damu yake inatoka wapi na mvutano wake unaelekea wapi, ni mmoja, uwe kwa mtoto aliyeungua au kwa mama aliyepungua uzito.

Na huyo aliyepungua uzito si mtu wa anasa kama anavyodhaniwa. Tangu Edward Mason na Chikashi Ito wa Iowa walipobuni katikati ya miaka ya 1960 upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, na hasa tangu mwaka 1994 Alan Wittgrove alipoeleza jinsi ya kuufanya kwa matundu madogo na kamera, maelfu ya watu wamepona unene uliowaletea kisukari na shinikizo la damu, wakabaki na ngozi ya mwili waliouacha. Ngozi hiyo hupata vidonda kwenye mikunjo, huzuia mikono ya nguo kuingia, na haipungui kwa mazoezi. Sikatai kwamba mitindo nayo imechangia. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa upasuaji huu nchini Marekani kilitangaza kwamba wanawake waliokazwa mikono walikuwa wameongezeka kutoka zaidi ya 300 mwaka 2000 hadi zaidi ya 15,000 mwaka 2012, kikataja mvuto wa mikono ya watu mashuhuri, akiwemo Michelle Obama, ambaye picha yake rasmi ya mwaka 2009 ilimwonyesha akiwa amevaa gauni lisilo na mikono. Mikono ya namna ile hutengenezwa na misuli. Kisu hakitengenezi misuli, na daktari anayemwahidi mtu mkono wa picha anamwahidi kitu kisichomo katika kazi yake.

Jambo moja historia hii iliyoandikwa Vienna, Chicago na Rio imelitendea kwa haraka mno, nalo linatugusa sana. Jean-Louis Alibert alieleza keloidi huko Paris mwaka 1806, na imejulikana kwa muda mrefu kwamba kovu hilo linalokua kupita mipaka ya jeraha huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa masikioni, kifuani na mabegani. Upande wa ndani wa mkono una nafuu kuliko bega, lakini nafuu si kinga, na kovu linaloachwa kubeba mvutano huelekea kuvimba na kuwa jeusi kuliko ngozi inayolizunguka. Picha nyingi za vitabu vya fani hii zilikuwa za ngozi nyeupe, ambako kovu hufifia kwa namna tofauti. Kwa hiyo hoja ya kuhamishia mzigo kwenye utando wa ndani, ambayo kwa Lockwood ilikuwa hoja ya umbo, kwa mgonjwa wa Mombasa au Mwanza ni hoja ya kovu pia. Kazi huanza kwa kuyatazama makovu ya zamani, la chanjo ya kifua kikuu, la kutoboa masikio, la uzazi, ili kujua ngozi hiyo huponaje. Huendelea baada ya nyuzi kutolewa, kwa nguo ya kubana, mabaka ya silikoni na sindano za kutuliza kovu linapoanza kuinuka. Kovu la mkono huchukua mwaka mmoja hadi miwili kukomaa, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kusaini fomu, pamoja na kuonyeshwa, kwa kalamu juu ya mkono wake mwenyewe ulioinuliwa, kovu litaanzia wapi na kuishia wapi.